Ubwa Kificho, Aliyeituliza Gesi Ndani ya Maji

Bismillahi. Assalaam alaykum, mlio karibu na mlio mbali, na leo walio mbali ni wengi kuliko walio karibu, barza hii yenye nafasi ya watu thelathini imekaliwa na watu sita, wanne kati yao wana mikongojo, na ng'ambo ya njia, kwenye kivuli cha ukuta, naona kofia zimejipanga kama vikombe kabatini.

Mimi ni Junaid Makame, mtoto wa kaka yake marehemu, muuza soda wa soko la Mwanakwerekwe, soda baridi kuliko zote kisiwani na asiyeamini aje na kinywa chake, na nimesimama hapa kwa niaba ya ukoo wa Kificho Haji kuisoma historia ya ami yangu kabla hatujampeleka msikitini. Kazi hii alipewa binamu yetu Anuar, mwenye kanzu iliyopigwa pasi kuliko kanzu zote mnazoziona, lakini mchana aliniambia, "Junaid, leo koo limenikauka," na koo hilo hilo, tangu nisimame, nalisikia likizungumza kule ng'ambo. Haidhuru. Skuli niliiacha kidato cha pili, sikufukuzwa, tuliachana kwa wema, kusoma najua, kuandika najua, karatasi hizi nimeziandika mwenyewe baada ya adhuhuri, na mdomo Mungu kanipa wa kunitosha mimi na wa kumwazima Anuar.

Nitakwenda kwa utaratibu kama ilivyo desturi, kuzaliwa, skuli, kazi, ndoa, watoto, maradhi na mauti, lakini ninachokitaka nakisema mapema asije mtu akadai nimemtega. Jeneza liko ukumbini, lina mikono minne, na mpaka sasa lina mabega mawili ya uhakika, langu na la Bwana Suhaib aliyefanya kazi na marehemu, na njia ya kutoka hapa Sokomuhogo mpaka msikitini mnaijua, ina kona, ina ngazi, ina mabomba ya maji yaliyokatiza, na watu wawili hatuiwezi. Alasiri nayo haiko mbali.

Marehemu Ubwa Kificho Haji alizaliwa tarehe 4 Aprili 1961 kijijini Muyuni, Mkoa wa Kusini Unguja, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Kificho Haji, mkulima wa mihogo na mchoma chokaa, na Bi Kidawa Mzee, Mungu awarehemu wote wawili, na wanaomkumbuka utotoni wanasema hakuwa mtoto wa kulia, alikuwa mtoto wa kuuliza, jambo ambalo kwa mama mwenye kazi zake ni baya zaidi. Muyuni ya wakati ule maji ya kunywa yakichotwa pangoni, na bahari ikishatoka, pale pwani baina ya mawe palikuwa na mahali panabubujika maji matamu, bibi yangu akenda na ndoo yake, Ubwa yuko nyuma. "Mama, bahari yote chumvi, haya matamu yametokea wapi?" "Yametokea alikoyaweka Mungu. Jaza ndoo twende." Ndoo aliijaza, lakini swali hakulitua, alilibeba mpaka ndevu zikaota mvi, na sehemu kubwa ya maisha yake ilikuwa safari ya swali lile.

Alianza Skuli ya Muyuni Januari 1968, akaja kusoma sekondari hapa mjini mwaka 1976, akikaa Mwembetanga kwa shangazi yake, akaingia chuo cha ufundi mwaka 1980 na kutoka na cheti cha kazi za maabara mwaka 1983, na Septemba 1985 akapelekwa Hungary kusomea kemia, akaondoka na masanduku mawili, moja la nguo na moja la pilipili, na akarudi Juni 1990 na shahada yake pamoja na koti zito ambalo mpaka leo limening'inia kabatini likisubiri siku ya kuvaliwa hapa Unguja. Miaka aliyosoma yeye ukiigawa kwa niliyosoma mimi unapata jibu ambalo siku moja aliliandika kwa kidole kwenye umande wa friji yangu sokoni, akacheka peke yake, nami nikalifuta kwa kanga ya mteja.

Tarehe 2 Januari 1991 aliajiriwa katika maabara ya utafiti wa maji iliyokuwa Amani, na hapa naomba mnipe masikio yote mawili, maana ndipo ilipozaliwa hofu iliyowaweka ng'ambo ya njia. Ndani ya mawe tunayoyakanyaga, ya Unguja, ya Bara na ya dunia nzima, hutoka gesi isiyo na rangi wala harufu, jina lake radoni, nayo ni gesi ya mionzi, silifichi hilo. Maji yaliyolala chini ya ardhi huinywa gesi hiyo, na maji ya bahari huwa nayo kidogo mno, kwa hiyo ukiikuta radoni nyingi baharini ujue hapo chini pana maji matamu yanatokea, na hilo ndilo jibu la ndoo ya Muyuni, mtu kalifuata mpaka kwenye theluji. Lakini kipimo cha gesi ni kama mizani ya sokoni, hakiaminiki mpaka kijaribiwe kwa kitu ambacho uzito wake unajulikana, na kazi ya ami yangu kwa miaka thelathini ilikuwa kukitengeneza kitu hicho, kuitoa radoni kwenye mkebe wake uliofungwa, kuipitisha taratibu ndani ya maji ya baridi mpaka maji yaishibe, kuyafunga, na kusema bila kupepesa kwamba ndani ya chupa hii mna kiasi hiki.

Ukoo wa gesi hiyo wataalamu wanauita gesi adhimu, kwa sababu haioani na chochote, na marehemu akipenda kusema, "Huyu ni mgeni mwenye adabu, huingia nyumbani mwa maji, hukaa pale alipooneshwa, hagusi chombo, hachumbii binti, na mlango ukifunguliwa huaga akaenda zake." Mimi kazi hiyo niliifahamu kwa soda. Alikuja kwenye meza yangu siku ya jua kali, akachukua chupa moja kutoka kwenye barafu na moja iliyokuwa kwenye kreti juani, akazifungua zote mbili kwa mpigo, ile ya barafu ikapumua tu, ile ya juani ikanirukia kifuani.

"Umeona? Baridi humshika mgeni, joto humfukuza."

"Nimeona, ami, na shati langu limeona zaidi."

"Shati litafuliwa. Kichwa chako ndicho sijui kama kitafulika."

Watu wa meza za jirani walicheka wiki nzima, nami tangu siku hiyo kreti hailali juani, na ndiyo siri ya soda yangu, nshaitoa bure, msije mkasema Junaid mchoyo.

Chupa zake alizijaza mpaka mdomoni, akazifunga kifuniko zikiwa ndani ya beseni la maji ili hewa isipate upenyo, kisha akaipindua kila moja na kuitazama kwenye mwanga, na akikuta kiputo cha hewa, japo kidogo kama punje ya mtama, chupa hiyo aliikataa, maana gesi ikiona nafasi tupu huyahama maji ikahamia huko, na hesabu yote ikawa uongo. Wenzake walimpa jina la Bwana Pindua. Hakukasirika, aliwapindulia chupa zao nazo. Wala hakuwa mtu asiyekosea, maana mwaka 1998 walitaka kupima radoni ndani ya mafuta, ambayo gesi hii huyapenda kuliko maji, na mafuta ya maabara yakachelewa na meli, ami akasema nazi ziko, meli ya nini, akaleta mafuta ya nazi yaliyokamuliwa na mama yake Muyuni, akaitia gesi vizuri kabisa, kisha kwa mazoea ya maji akazipanga chupa kwenye friji. Asubuhi yake zote zilikuwa jiwe jeupe. Mwenye shahada ya Hungary alikisahau kitu anachokijua kila mtoto wa pwani anayepakwa mafuta wakati wa kipupwe, kwamba mafuta ya nazi yakipigwa na baridi huganda, na yakiganda hayaweki mgeni, na Bi Kidawa alipopelekewa habari alisema, "Si angeniuliza." Aliyarudia bila friji, yakakubali, na hadithi hiyo aliisimulia mwenyewe kila alipoona mtu anaanza kumwogopa kwa elimu yake.

Sasa sikilizeni, sisemi kwamba radoni ni halua. Mtu akiivuta nyingi kwa miaka mingi katika chumba kisichopumua, mapafu yake yataijibu, na kwa sababu hiyo kazi yote ilifanywa ndani ya kabati la kioo lenye feni linalovuta hewa mpaka nje juu ya paa, na kifuani marehemu alivaa beji ya kupimia mionzi, ambayo ilipelekwa kusomwa kila baada ya miezi mitatu, na katika miaka thelathini haikuwahi kuuvuka mstari. Gesi yenyewe haina umri mrefu, kila zinapopita siku nne hivi nusu yake imekufa, ukiandama mwezi na kuandama mwengine hakuna cha kuzungumzwa. Marehemu alistaafu Aprili 2021. Leo ni Februari 2025. Pigeni hesabu nyinyi mlioimaliza skuli, mimi niliyeiacha jibu ninalo.

Tarehe 22 Julai 1994, siku ya Ijumaa, alimuoa Bi Rukaiya binti Shamsi, wa nyumba hii hii yenye msiba, na ndoa hiyo ilikuwa ife kabla ya kuzaliwa kwa sababu ya kikombe kimoja cha kahawa. Mzee Shamsi, Mungu amrehemu, alikwenda Mwembetanga kumwangalia kijana anayeposa, na Ubwa kwa heshima yote akammiminia kahawa mwenyewe, na kwa mkono wa maabara akaijaza mpaka ukingoni, haikumwagika hata tone. Kwa watu wa nyumba hii kikombe cha mgeni hutiwa kidogo kidogo ili akae azungumze, na kikombe kilichojazwa maana yake kunywa uondoke. Mzee Shamsi alikitazama, akakinywa kwa mkupuo mmoja kikamuunguza, akainuka, akasema, "Nimefahamu," akaenda zake, na bwana harusi akabaki na buli mkononi akiuliza kafahamu nini. Shangazi alikuja hapa kuomba radhi akarudi mikono mitupu, na posa ikakaa hivyo, haikukubaliwa wala haikukataliwa, mpaka Bi Rukaiya mwenyewe alipomwambia babake, "Baba, mtu anayejaza kikombe namna ile asimwage, huoni kama mkono wake umetulia?" Ndoa ikafungwa, na kwa miaka thelathini kila asubuhi Bi Rukaiya amemmiminia mumewe chai mpaka ukingoni na kumwambia, "Kunywa uondoke," naye akinywa akenda kazini akicheka. Leo asubuhi kikombe hicho kimebaki kifudifudi juu ya sahani, na aliyekuwa akikijaza yuko ndani anasubiri kujua kama majirani wa miaka yote hiyo watamchukulia mumewe au hawatamchukulia.

Mungu aliwajaalia watoto wawili, Ilham, aliyezaliwa tarehe 9 Machi 1996, ambaye ni muuguzi, na Mahfoudh, aliyezaliwa tarehe 30 Oktoba 2000, ambaye yuko kazini Maskati na ndege aliyoipata ni ya kesho, na sisi maiti hatumlazi, kwa hiyo Mahfoudh yumo mfukoni mwangu, kwenye simu, tangu nilipotoa salamu. Nikimwita ataitika naam. Anasikia vikohozi vyenu, anasikia nyayo zenu, kitu asichokisikia ni umbali mliokaa, na mimi sijamwambia.

Marehemu alipostaafu wenzake wa maabara walimpa zawadi iliyomfaa, chupa kubwa ya kioo kizito, mpya kutoka kwenye boksi, yenye kifuniko kisichopitisha hewa, na kwa mzaha Bwana Suhaib akaibandika ile alama ya njano yenye mapanga matatu meusi, alama ya mionzi, na chini yake akaandika, "Mali ya Bwana Pindua, asiguse mtu." Chupa hiyo haikuwahi kuingia gesi hata siku moja. Desemba 2022 Mungu alimjaalia umra, akarudi na maji ya zamzam, akatafuta chombo cha kuyahifadhia, na kwa akili yake, akili ya mtu aliyefunga chupa maisha yake yote, akaona hakuna chombo Unguja nzima kinachofunga kama kile, akayatia mpaka mdomoni, akaifunga ndani ya beseni, akaipindua, akairidhia, akaiweka kwenye friji nyuma ya mabakuli, na akausia maji hayo anyunyiziwe kwenye sanda yake. Alama hakuibandua. Kwake yeye ile ilikuwa zawadi ya marafiki, haikumpitia kwamba kuna siku mtu mwengine ataifungua friji ile.

Maradhi yake yalikuwa presha, iliyomwanza mwaka 2016, ikamshika figo, na kuanzia Agosti 2023 akawa anakwenda kusafishwa damu hospitali mara tatu kwa wiki, akenda kwa miguu alipoweza na kwa bega langu aliposhindwa, na daktari alipomuuliza kama maradhi haya yametokana na kazi yake alijibu, "Daktari, babangu hajapata kuiona maabara na presha aliniachia yeye." Wiki iliyopita alichoka, akaomba arudishwe nyumbani, na leo Alhamisi, tarehe 13 Februari 2025, baada ya adhana ya alfajiri, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Ilham, alifariki dunia. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un.

Ilivyokuwa baada ya hapo nyote mnaijua, lakini kila mmoja anaijua ya kwake, basi sikilizeni ya mtu aliyekuwepo. Asubuhi nyumba ilijaa, viatu mlangoni vilipandana, na Bi Fathiya, jirani mwema ambaye simlaumu, alitumwa kwenye friji kuchukua zamzam. Akafungua, akasogeza mabakuli, akakutana uso kwa uso na mapanga matatu. Akapiga ukelele, "Yarabi, sumu! Sumu iko na chakula!" Mimi nilikuwa ngazini, nilipofika jikoni niliwakuta wanawake wameshapita mlango wa uani, na nilipotoka barzani nilikuta viatu vimepungua, na jozi moja ya makubadhi ya mtu imeachwa, iko pale pembeni, mwenyewe aje aichukue. Mzee Muhiddin, mwosha maiti wetu, aliyekwisha kunja mikono ya kanzu, aliikunjua mmoja mmoja akaniambia, "Mwanangu, mgongo umenishika ghafla." Namuona hapo alipo, kakaa kwenye barza ya jirani, mgongo umenyooka kama mnara.

Bwana Suhaib alipopata habari alikuja mbio na vespa kutuondoa hofu, akaja na kipimo cha mionzi, na hilo ndilo lililotuzamisha. Alikiwasha mbele ya friji watu wakiwa madirishani wanachungulia, kikalia tik, kikanyamaza, kikalia tik tik. Suhaib akatabasamu akasema, "Haina kitu," lakini nani atamsikiliza Suhaib wakati chombo chenyewe kinasema kuna kitu? Kabla hajakizima habari ilishafika Darajani, na ilipofika Darajani ilishakuwa nyengine, nilipigiwa simu kutoka sokoni nikaulizwa, "Junaid, ni kweli maiti yenu inalia?" Nilimjibu kwa maneno ambayo hayasomwi mbele ya jeneza.

Basi nilikichukua kipimo kile kwa mkono wangu, nikatoka nacho. Nilikisogeza kwenye ukuta wa nyumba ya Bi Fathiya, kikalia tik, tik tik. Nikakipeleka kwenye ukuta wa msikiti, kikalia vile vile. Nikakiweka kwenye kifua cha Anuar, juu ya pasi yote ile, kikalia, akaruka kama kaguswa na umeme. Kinalia kila mahali, jamaa zangu, kwa sababu ya mawe haya tuliyojengea, kwa sababu ya ardhi, kwa sababu ya mbingu juu yetu, kimekuwa kikilia kabla Ubwa Kificho hajazaliwa na kitalia tukishakufa sote, ni kwamba hamkuwahi kukisikia. Kwani mnadhani kimezimwa saa hii? Kiko hapa barzani tangu nilipoanza kusoma. Suhaib, nyanyua sauti. Hiyo. Mmekaa ng'ambo mnakimbia kitu ambacho mmekiegemea kwa migongo yenu.

Tulimuosha sisi, mimi na Suhaib, na baba yangu, kaka yake marehemu, akitusomea akiwa amekaa kwenye kiti kwa sababu ya miguu yake. Mikono hii ndiyo iliyomuosha, itazameni, haijabadilika rangi, haijaota kitu, imebaki mizuri kama ilivyokuwa jana. Kabla hatujamfunga sanda Suhaib aliona haya kusema anachokitaka, akabaki ameshika kipimo nyuma ya mgongo, na Bi Rukaiya aliyekuwa mlangoni akamuona, akasema, "Kapima watu na maji yao maisha yake yote, haya, leo mpimeni na yeye, kisha mnifunikie mume wangu." Tukakipitisha juu ya kifua chake, pale ilipokuwa ikikaa beji. Kikalia kama kinavyolia hapa. Hakikuzidisha.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi waliomsafisha damu kwa mwaka mmoja na nusu bila kumfanyia uso, nawashukuru wenzake wa maabara, na hasa Bwana Suhaib, ambaye mzaha wake umetuletea balaa na bega lake limebaki, nawashukuru wazee wanne wa mikongojo waliokataa kuondoka barzani, mmoja wao aliniambia, "Mimi na miaka yangu hii, mionzi itanifanya nini?" na nawashukuru majirani, nyote, hata nyinyi wa kivulini, kwa vyakula mlivyoleta alipokuwa mgonjwa, kwa usiku mliokesha naye, kwa njia mliyompisha akipita na bega langu, na wala siyasemi haya kwa kejeli, ingawa mdomo wangu mnaujua. Mtu wenu alikuwa wenu mpaka jana. Leo hakuongezeka kitu ila karatasi ya njano kwenye chupa.

Chupa yenyewe hii hapa mkononi. Naipindua, tazameni kwenye mwanga, miaka miwili na zaidi imekaa na haina kiputo. Nikimaliza kusoma nitaifungua, nitaelekea kibla, nitakunywa funda moja mbele ya macho yenu, na maji yaliyobaki nitamnyunyizia kwenye sanda kama alivyousia. Kisha nitaingia ukumbini kushika mkono wa mbele wa kulia, Suhaib atashika wa kushoto, na mikono miwili ya nyuma iko wazi.

Ami, ulifunga vizuri, pumzika kwa amani ya maji yasiyotikiswa, Mungu akupanulie kaburi lako. Tutakapokuinua tutasema la ilaha illa Llah kama inavyosemwa, na Mahfoudh, aliye mfukoni mwangu, ametega sikio, anasubiri kusikia kama ni sauti mbili zinazombeba babake, au ni mtaa.